Halina Asili

Bomba la Bi Nuru wa orofa ya pili
latona tangu mwaka juzi.
Chini ya ngazi, pale chokaa ilipobanduka
na matumbawe ya Kibokoni yakabaki uchi,
likaota kangaga.

Mama akasema: "Hilo laota tu. Halina asili."
Sikumbishia. Mimi ni mpaka hina,
maua ndiyo riziki yangu:
asumini, mlangilangi, waridi,
nimeyachora viganjani hadi rangi haitoki tena kuchani.
Kangaga halijanipa ua hata moja.

Kisha akaja Shufaa, kidato cha tatu,
na lenzi ya shule aliyoapa kuirudisha Jumatatu.
Akaligeuza jani chali.
Madoa ya kahawia, safu kwa safu,
kama macho ya kofia ya vito.
"Usiyakwangue, Shangazi. Humo mna spora.
Si mbegu. Mbegu hufungiwa chakula cha njiani.
Hili ni vumbi tu, limetumwa mikono mitupu."

Siku ya jua kali kifuko hukauka, hujipinda,
hufyatuka kama manati,
na vumbi laenda:
kwa kanzu iliyoanikwa,
kwa sinia la mahamri ya jirani,
baharini, bure.
Maelfu hupotea.
Moja huangukia unyevu.

"Ndipo linapoota kangaga," nikasema,
nimeona nimeshaelewa.
"Bado," akasema Shufaa.

Kinachoota ni kitu kingine.
Kijani, kipana kama ukucha wa kidole cha mwisho,
chembamba, jua lapita ndani yake,
na umbo lake ni moyo,
moyo ule ule ninaouchora kila Alhamisi
hadi nimeuchoka.
Kimelala kifudifudi juu ya jiwe,
na chini ya tumbo lake, gizani,
yumo bwana harusi, yumo bibi harusi.

Wewe unayejua gharama za harusi, sikiliza:
nyuki hakutumwa kuposa,
hakuna mahari, hakuna kungwi.
Bwana harusi ni uzi uliojisokota, una vinyweleo,
na kwa bibi harusi haendi ila kwa kuogelea.
Tone la bomba la Bi Nuru ndilo bahari yake.
Likikauka njiani, harusi imevunjika
na hapana atakayejua ilikuwepo.
Akifika,
moyoni huinuka chipukizi
lililojikunja kama mkia wa kinyonga.
Moyo wenyewe hunywea, ukawa ganda la kitunguu.

Na mtoto huyo hafanani na mama.
Kafanana na bibi.

Hapo nikanyamaza.
Pua yangu hii ni ya bibi yangu Mwanamvua,
aliyekufa mama hajajua kutembea;
mama aliijua pua hiyo kwa picha moja, iliyoliwa na mende.
Nilipokuwa mdogo akinitazama usiku,
akidhani nimelala,
akilia.

Mwaka huu Bi Nuru amehamia kwa mwanawe, Kisauni.
Bomba limezibwa.
Nikawa nasuuza birika, mabaki nayamwaga ukutani,
majirani wakasema hina imenipanda kichwani.
Mwezi ule ule bibi harusi wa Mkanyageni
alitaka ua kubwa mgongoni mwa mkono.
Nikamchorea mkia wa kinyonga.
"Ua gani hili?"
"Si ua."
Akaugeuza mkono kwenye taa, akaugeuza tena.
"Na huku nitie jingine."

Jana mwenye nyumba kamleta Fundi Chizondo,
brashi ya waya na ndoo ya chokaa.
Akakwangua asubuhi nzima. Mama ndiye aliyetoka,
akasimama, akamwambia awachie pale chini kidogo,
hakusema kwa nini.
Fundi akacheka, akakwangua na pale.
"Tayari. Halirudi tena hili."
Akashuka kwenda zake Likoni, kivukoni,
shati lake jeusi limekuwa la kahawia mabegani,
na mlangoni, nilimwona,
akajipangusa vumbi
pande zote.